Mswada Uliorudi Baada ya Siku Mbili

Barua za mwezi huu zimetoka kwa madaktari, wauguzi na watu wa maabara wa Mombasa wanaotaka kazi zao zichapishwe katika majarida ya utafiti wa tiba. Majina tumeyaacha kando, tumebakisha kazi ya mwandishi na mtaa wake.

Mswada wangu kuhusu presha kwa wagonjwa wa kliniki umerudishwa baada ya siku mbili, eti hautapelekwa kwa wahakiki. Utafiti wa mwaka mzima wausome kwa siku mbili? – Daktari, Tudor

Hawakuusoma wote, wala hawakuhitaji. Mswada ukifika hukaa kwanza kwa mhariri na wasaidizi wake, kabla ya wahakiki, yaani wataalamu wa nje wanaoupima. Hutazama kama mada ni ya jarida lao, kama kibali cha maadili kimetajwa, kama maneno hayakuzidi kiwango, kisha hushuka kwenye ikisiri, ule muhtasari wa mwanzo, na jedwali la kwanza. Hapo ndipo miswada mingi hufia, na kinachoiua aghalabu ni hesabu.

Tuchukue mfano wa kubuni unaofanana na kazi yako. Watu 412 waliombwa kushiriki, 38 wakakataa, madodoso 9 hayakukamilika, wakabaki 365. Mpaka hapo sawa. Jedwali la kwanza linasema wanawake 221 na wanaume 142. Jumlisha: 363. Wawili wamekwenda wapi? Kumbe jinsia yao haikuandikwa na mwandishi hakulitaja hilo. Kibaya zaidi, jedwali linasema wanawake ni 60.5%, ikisiri inasema 60.9%. Hesabu zote mbili ni sahihi, ya kwanza imegawanywa kwa 365 na ya pili kwa 363, lakini mhariri hana njia ya kulijua hilo. Anachoona ni namba mbili za kitu kimoja, naye huanza kujiuliza kuna nini kwingine. Dawa yake ni mstari mmoja kwenye jedwali, "haikuandikwa: 2 (0.5%)", na kigawanyo kile kile toka mwanzo hadi mwisho. Ukilazimika kukibadilisha, sema wazi pale pale.

Kabla ya kutuma, chapisha mswada kwenye karatasi. Shika penseli, zungushia duara kila namba iliyo kwenye ikisiri, kisha itafute kwenye matokeo na kwenye jedwali. Usiyoipata, ama iondoe ama ieleze. Kazi hii ni ya alasiri moja, na ni bora aifanye mwandishi mwenzako ambaye hakuandika ikisiri, kwa kuwa jicho lako limekwisha zoea makosa yako.

Asilimia isitembee peke yake. Andika "84 kati ya 365 (23.0%, mipaka ya uhakika ya 95%: 18.7 hadi 27.3)". Mipaka hiyo humwonyesha msomaji kiwango halisi kinaweza kuwa kati ya wapi na wapi. Kundi likiwa la watu wanne, usiseme asilimia 75, sema watatu kati ya wanne. Na ile "p = 0.000" (p ni uwezekano wa kupata tofauti kama hiyo kwa bahati tu) ifute popote ilipo: programu ya takwimu huandika hivyo kwa kuwa imeishiwa na nafasi za desimali, haimaanishi sifuri. Andika p<0.001.

Halafu kuna neno "kusababisha". Ukiwapima watu mara moja tu, siku moja, huwezi kusema chumvi ilisababisha presha yao. Unaweza kusema viliambatana. Mhariri wa tiba akiliona neno hilo kwenye kichwa cha utafiti wa aina yako, hahitaji siku mbili. Eleza pia presha yenyewe uliipimaje: mgonjwa aliketi dakika ngapi kabla ya kupimwa, mkanda ulikuwa wa ukubwa gani kwa mikono minene, vipimo vingapi na ulichukua wastani wa vipi, na kwamba mpaka wako ulikuwa 140/90. Bila hayo, ile 23.0% haina mguu wa kusimamia.

Kwa utafiti kama wako jarida litataka pia orodha ya ukaguzi iitwayo STROBE, yenye vipengele 22. Majaribio ya dawa yana yake, CONSORT. Mapitio ya tafiti yana PRISMA. Taarifa ya mgonjwa mmoja ina CARE. Kwenye orodha usijaze "ndiyo, ndiyo, ndiyo". Jaza namba ya ukurasa ambapo jambo hilo limeandikwa. Na ni vizuri kuipata orodha yako kabla ya kuanza utafiti, maana itakuuliza mambo ambayo hukumbuki kama uliyaandika popote.

Tulitumia faili za wagonjwa wa zamani tu, hatukumgusa mtu yeyote. Jarida linadai namba ya kibali cha maadili. Ni lazima? – Ofisa wa kliniki, Mikindani

Ni lazima. Faili lina mtu ndani yake. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inahesabu taarifa za afya kuwa data nyeti, na Azimio la Helsinki, mwongozo wa madaktari duniani kuhusu maadili ya utafiti wa watu, lililopitishwa 1964 na kurekebishwa karibuni zaidi 2024, linahusu pia data ya mtu anayeweza kutambulika. Kamati ya maadili inaweza kukusamehe usiwatafute wagonjwa mmoja mmoja kuwaomba idhini. Uamuzi huo ni wa kamati, si wako.

Utaratibu hapa Kenya ni kupata kwanza kibali cha kamati iliyoidhinishwa na NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, kisha leseni ya utafiti ya NACOSTI yenyewe, na ruhusa ya hospitali au ya kaunti mnakokwenda kufungua mafaili. Kwenye mswada taja jina la kamati, namba ya kibali na tarehe yake. Tarehe hiyo iwe kabla ya siku ya kwanza ya kukusanya data. Mhariri hulinganisha tarehe hizo mbili, na kamati haitoi kibali cha kurudi nyuma. Ikiwa mmeshakusanya bila kibali, nendeni kwenye kamati mkaseme kweli kabla hamjatuma popote. Kuandika tarehe nyingine ni kosa kubwa kuliko lile la kwanza.

Mahojiano tuliyafanya kwa Kiswahili na Kidigo, mswada ni wa Kiingereza. Mhakiki anauliza tafsiri ilifanywaje. Tuna mtu anayejua lugha zote tatu, hilo halitoshi? – Mtafiti wa afya ya jamii, Likoni

Mtu huyo ni hazina, ila mhakiki anauliza njia. Dodoso hutafsiriwa na mtu mmoja, kisha mtu wa pili ambaye hajaliona lile la asili hulirudisha katika lugha ya kwanza, na mwisho mnakaa kitako mkilinganisha. Palipotofautiana pana kisa. Semeni ni nani walifanya, ujuzi wao ni upi, na maneno gani mliyabadilisha baada ya kulijaribu kwa watu wachache.

Neno moja litakuonyesha kwa nini hili si urasimu. Mama anasema, "Mtoto alikuwa na homa." Kwa baadhi ya watu homa ni joto la mwili tu. Kwa wengine ni malaria. Kwa wengine ni mafua na mwili kuchoka. Mtafsiri mmoja akiandika malaria na mwingine akaandika joto la mwili, tayari mna matokeo mawili kutoka kwa mama mmoja. Dodoso zuri haliishii kwenye homa, huuliza: mwili ulikuwa wa moto? Alipimwa damu? Majibu yalisema nini? Degedege nalo ni hivyo hivyo. Ukilitafsiri moja kwa moja kuwa kifafa umempa mtoto ugonjwa ambao mama hakuutaja, tena umepoteza alichokusudia kuhusu chanzo chake na kwa nini alianzia kwa mganga kabla ya zahanati. Acheni neno lenyewe kwa Kiswahili ndani ya nukuu na mlieleze mara moja. Majarida ya utafiti wa mahojiano hayana neno na hilo, tena huyapenda.

Mkuu wa idara hakushiriki lakini anataka jina lake liwe la mwisho kwenye orodha. Nitamkataliaje mtu mzima? – Daktari, Makadara

Usimkatalie kwa mdomo wako, liache jarida limkatalie. Majarida mengi ya tiba hufuata masharti ya kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, iliyoanzia Vancouver mwaka 1978. Masharti ni manne na mtu ayatimize yote: awe amechangia kwa uzito kubuni kazi, au kukusanya na kuchambua data, awe ameandika rasimu au ameihariri kwa hoja, awe ameidhinisha toleo la mwisho, na akubali kuwajibika kwa kazi yote, pamoja na kujibu likizuka swali. Hilo la nne liliongezwa 2013 na ndilo linalowatisha wengi.

Mpelekee rasimu kwa heshima: "Daktari, shikamoo. Jarida linataka kila mwandishi aeleze alichofanya na aweke sahihi. Naomba unijazie sehemu yako, na maoni yako juu ya rasimu kufikia Ijumaa." Akirudisha na maoni ya maana, huenda anastahili, maana sharti la pili limeshatimia na mnaweza kuzungumza kuhusu hayo mengine. Asiporudisha, jina lake liende kwenye shukrani, kwa ruhusa yake. Kutoa fedha, kutoa chumba au kuwa mkuu wa kitengo ni mambo ya shukrani.

Yote haya yafanyike kabla ya kutuma. Kuongeza au kuondoa jina baadaye hudai maelezo na sahihi za waandishi wote, hata wa yule aliyekwisha hamia Ughaibuni na hajibu simu. Na kwa kuwa wengine wawili wameuliza: programu ya akili bandia haiwezi kuwa mwandishi, maana haiwezi kuwajibika. Ukiitumia kunyoosha Kiingereza, sema. Usiiombe marejeleo. Hutunga makala yasiyokuwapo, yenye waandishi na kurasa za kupendeza, na mhakiki akitafuta moja tu akalikosa, hataamini mengine. Kila rejeleo lifungue mwenyewe.

Mhakiki anasema mbinu zetu za kupima malaria hazirudiki. Tuliandika kwamba slaidi zilitiwa rangi na kusomwa kwa utaratibu wa kawaida. Na picha zetu zimekataliwa kwa ubora hafifu. – Mtaalamu wa maabara, Changamwe

"Utaratibu wa kawaida" ndio tatizo lenyewe. Kawaida ya nani? Rangi ya Giemsa ya 10% kwa dakika 10 si sawa na ya 3% kwa dakika 30 hadi 45. Andikeni kiwango cha rangi, dakika, pH, yaani kiwango cha asidi, ya maji ya bafa (7.2 kama ndiyo mliyotumia), kama ni tone nene au damu iliyotandazwa nyembamba, na kwamba mlisoma kwa lenzi ya 100 yenye mafuta. Slaidi mliitangaza haina vimelea baada ya kupitia sehemu ngapi zinazoonekana kwenye hadubini? Walioisoma ni wangapi, na je, walikuwa wameshajua majibu ya kipimo cha haraka? Wawili wakitofautiana, wa tatu aliitwa kwa tofauti ya kiasi gani?

Hesabu ya vimelea nayo iwekeni wazi. Mkihesabu vimelea 150 mpaka kufikia chembe nyeupe za damu 200, na mkichukua kwamba mtu ana chembe nyeupe 8,000 kwa mikrolita, ni 150 × 8,000 ÷ 200, yaani vimelea 6,000 kwa mikrolita. Hiyo 8,000 ni dhana. Kama mlipima chembe nyeupe za mgonjwa mwenyewe, semeni, kwa sababu jibu litabadilika. Na vimelea visipofika 100 kwenye chembe hizo 200, huendelea kuhesabiwa hadi chembe 500. Mlifanya hivyo?

Picha. Ile mliyoipokea kwa WhatsApp imebanwa, haifai tena, rudini kwenye faili la kamera. Majarida mengi hudai nukta 300 kwa inchi kwa ukubwa utakaochapishwa. Safu moja ya ukurasa yenye sentimita 8.5 hudai basi kama nukta 1,000 kwa upana. Picha ya nukta 400 ukiilazimisha kwenye programu isomeke 300 kwa inchi, imekuwa kubwa kwa jina tu. Msiibandike ndani ya Word. Pakieni faili la picha la TIFF peke yake. Na badala ya "imekuzwa mara 1,000" wekeni mstari wa kipimo wenye mikromita 10, maana picha ikipunguzwa ukubwa kwenye ukurasa ile mara 1,000 inakuwa uongo ilhali mstari unapungua pamoja nayo. Mwangaza mnaweza kuuongeza kwa picha nzima. Kufuta doa moja la rangi hamwezi.

Nina kisa cha nadra cha mvuvi aliyechomwa na samaki. Nimemziba macho kwenye picha kwa mstari mweusi. Sawa? – Muuguzi, Mtongwe

Si sawa. Mstari wa macho haumfichi mtu, jirani humjua kwa kovu na kwa kofia. Unahitaji idhini yake ya maandishi ya kuchapishwa, ambayo ni tofauti na ile aliyotia sahihi ya kutibiwa, na ni vyema aione picha na maandishi. Akiwa mtoto, mzazi. Akiwa amefariki, ndugu wa karibu. Mkono uliochomwa ndio unaohitajika, uso wa nini? Halafu soma tena sentensi yako: "mvuvi wa miaka 43 wa Mtongwe". Kijiweni wameshamjua. Andika "mvuvi wa umri wa miaka arobaini na kitu, pwani ya Kenya".

Nimeandikiwa barua pepe na jarida la kimataifa, wananiita profesa, wanaahidi jibu ndani ya saa 72. Malipo ni dola. Nitume? – Mwanafunzi wa uzamili, Kongowea

Usitume kwanza. Jarida linalokuita profesa kabla hujamaliza uzamili halijasoma jina lako. Uhakiki wa kweli hauishi kwa saa 72, kwa sababu wahakiki ni watu wenye kazi zao na hawalipwi.

Namba ya ISSN, ile ya kutambulisha majarida, haithibitishi ubora, kila chapisho laweza kuipata. Fungua orodha ya DOAJ (ya majarida yanayosomwa bure) na ya AJOL (ya majarida ya Afrika) utafute jina la jarida herufi kwa herufi, maana wezi hupenda majina yanayokaribiana na ya majarida halisi. Wakisema wako PubMed, hifadhidata ya makala za tiba, tazama mwenyewe kama makala zao za mwaka huu zinaonekana humo. Chukua majina mawili ya bodi ya wahariri uwaandikie kwa anwani za vyuo vyao, si zile za tovuti ya jarida. Soma makala matatu waliyochapisha. Ukiona moja la meno, moja la ufugaji wa kuku na moja la uhandisi kwenye toleo moja, funga.

Malipo peke yake si dalili ya wizi. Majarida mengi mazuri yanayosomwa bure huwatoza waandishi. Uliza msamaha au punguzo kwa waandishi wa Kenya kabla ya kuwasilisha, kwa maana majarida mengi hayalijadili baada ya kukubaliwa. Kama umeshatuma kwa hao wa saa 72, andika barua ya kuuondoa mswada na ungoje jibu la maandishi kabla ya kuupeleka kwingine. Mswada kuwa kwenye majarida mawili kwa wakati mmoja ni kosa, hata moja likiwa la kitapeli.

Nimejibiwa "marekebisho makubwa". Wahakiki wawili, hoja 27, siku 30. Naanzia wapi? – Daktari wa watoto, Nyali

Anzia kufurahi, hujakataliwa. Kisha iache barua siku mbili hasira ishuke.

Nakili kila hoja kwenye faili jipya neno kwa neno, uzipe namba, na jibu chini ya kila moja. Usizifupishe, hata ile ya tahajia. Shukrani moja mwanzoni yatosha. Ukiwashukuru mara 27 watachoka. Jibu lenye uzito lina sehemu tatu: ulichofanya, maneno mapya yenyewe, na mahali yalipo. Tuseme mhakiki ameandika kwamba watoto 365 ni wachache, waongezwe. Usijibu "tumelizingatia". Jibu hivi:

"Ukusanyaji wa data ulifungwa na kibali chetu hakituruhusu kuufungua. Hesabu yetu ya awali, kwa makadirio ya kiwango cha 24% na kosa la 5%, ilihitaji watoto 281, nasi tulipata 365. Hesabu hiyo haikuwemo kwenye mswada, sasa imo (ukurasa 6, mistari 112–118). Tunakubali kwamba idadi haitoshi kulinganisha vikundi vidogo vya umri, na ulinganisho huo tumeuondoa (ukurasa 11)."

Umeona hapo umekataa, umeeleza, umekubali nusu na umepunguza dai. Mhakiki akikosea, mwambie kwa data au kwa rejeleo. Wawili wakipingana, mmoja anataka ufupishe na mwenziwe urefushe, chagua, useme kwa nini, umwachie mhariri. Siku 30 zisipokutosha, omba nyongeza kabla hazijaisha. Baada ya hapo mfumo wa jarida wa kupokea miswada hufunga na mswada huhesabiwa mpya.

Utapakia nakala mbili, moja yenye alama za mabadiliko na moja safi. Kama uhakiki ni wa kuficha majina, toa jina lako kwenye sifa za faili la Word, kwenye alama zenyewe za mabadiliko, na kwenye jina la faili pia. "Marekebisho_ya_mwisho" lenye jina lako mbele halifichi kitu. Mfumo utakutengenezea PDF. Ifungue usome majedwali, maana hapo ndipo safu za namba huhama na alama ya ≥ hugeuka kisanduku, kisha bonyeza idhini. Wako wanaofunga ukurasa kabla ya idhini hiyo, wakangoja majibu miezi mitatu huku mswada umelala kwenye akaunti yao wenyewe. Barua pepe ya kupokelewa isipokufikia siku hiyo, rudi uangalie.

Na namba za mistari kwenye majibu yako zichukue kutoka nakala safi, mwisho kabisa, baada ya kugusa koma ya mwisho. Ile yenye alama za mabadiliko mistari yake haiko mahali pale pale.